Vespa ya PX ikigoma: dalili, sababu, na pale pa kuweka spana chini

Malalamiko ya wenye vespa Unguja na Pemba hayapishani sana. Haiwaki baada ya mvua. Inazima njiani ikishapata moto. Silensa, ule mwendo wa mashine aksileta ikiwa imeachiwa, inapanda yenyewe. Inafuka moshi mtaa mzima. Inaruka gia ya pili. Na karibu kila mara dawa ya kwanza ni kufungua kabureta, kwa sababu kabureta kila mtu anaijua. Wengi wameshanunua kabureta mpya na tatizo likabaki pale pale.

Maelezo haya ni ya PX 125, PX 150 na P200E, aina zilizoanza kutoka kiwanda cha Piaggio, Pontedera, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mengi yake yanazihusu pia LML za zamani za Kihindi zilizojengwa kwa leseni ya Piaggio.

Vespa inavyopumua

Ukiifanyia vespa kazi kama unavyoifanyia bodaboda, utaiharibu. Aliyeichora ya kwanza, ile iliyosajiliwa Aprili 1946, ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege asiyezipenda pikipiki. Hakutaka mnyororo wa kuchafua nguo. Mashine, giaboksi na gurudumu la nyuma akavifanya kitu kimoja kilichokaa pembeni, kinachopanda na kushuka pamoja juu ya springi moja.

Kwenye PX, mlango wa kuingizia hewa na mafuta ni krenki yenyewe, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kabureta imekaa juu ya ganda la mashine, chini yake pana tundu, na shavu la krenki likizunguka hulifunga na kulifungua tundu hilo. Nafasi kati ya shavu na ganda ni sehemu ndogo sana ya milimita. Mchanga ukipita kwenye filta ukafika hapo, unakwaruza ganda, na ganda likishakwaruzwa hakuna jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) itakayoponya. Kisha, upande wa gurudumu, oili ya gia na mchanganyiko wa petroli vinatenganishwa na sili moja tu ya mpira. Upande wa pili, nyuma ya magneti, lile duara zito linalozunguka na krenki, sili nyengine ndiyo inayozuia hewa ya nje.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa dalili karibu yoyote ni hili: chombo hiki kinavuta hewa au oili kutoka pasipostahili? Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeshaimaliza bila ya kufungua kitu.

Haiwaki kabisa

Anza na koki ya petroli chini ya siti. Herufi zake ni za Kitaliano: A ni wazi, C ni imefungwa, R ni akiba. Anayeazima vespa mara nyingi huiacha kwenye C akidhani amefungua.

Inayofuata ni plagi. Ifungue, itazame. Ikiwa imerowa petroli, mafuta yanafika lakini moto haupo au ni dhaifu. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga kiki mara nyingi, mafuta hayafiki. Isafishe kwa brashi, pima nafasi yake iwe milimita 0.6, kisha iegemeze kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu la plagi, ukiwa umeshika kofia kwa kitambaa kikavu, na mtu apige kiki. Moto wa buluu unaolia ni mzuri. Mwekundu uliofifia haufai, na plagi mpya ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote.

Kununua plagi kunataka uangalifu. PX 125 na 150 zinatumia plagi ya shingo fupi, zile ambazo kwa NGK zina herufi HS mwishoni. P200E inataka ya shingo ndefu, yaani ES. Ukitia ya shingo ndefu kwenye 150, ncha yake itakutana na pistoni.

Plagi ikiwa kavu, fuata mafuta yanakopita. Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa nyeupe inayoonyesha ndani, fungua koki. Yakitiririka vizuri, iache chupa itulie kidogo uitazame chini: maji yatakaa kitako, yamejikusanya kama vidonge, na petroli itaelea juu yake. Wakati wa masika hili ni la kila siku, khasa kwa vespa inayolala nje na ambayo mpira wa kifuniko cha tenki umekauka, na kwa petroli ya chupa ya kando ya barabara. Dawa ni kumwaga tenki lote. Kumwaga kidogo na kuongeza mapya juu yake kutakurudisha hapo hapo wiki ijayo.

Yasipotiririka, tazama mpira wenyewe. Tenki la PX likirudishwa vibaya, mpira hujikunja nyuma ya mashine na petroli inapita kwa kudondoka. Ikiwa tenki lilifunguliwa karibuni, dhani hivi kwanza.

Mwisho njoo kwenye kabureta. Chujio kidogo cha plastiki kinakaa pale mpira unapoingia. Hapo ndipo kutu ya tenki inapojikusanya. Jeti ndogo, ya silensa, huziba kabla ya kubwa, na zote mbili zinafunguka kwa juu kwa bisibisi ukishatoa filta. Zipulize kwa hewa. Usizichokoe kwa waya, kwani tundu likipanuka hata kidogo hesabu yote ya mchanganyiko imekwenda.

Moto ukiwa haupo hata kwa plagi mpya, kagua nyaya zinazotoka nyuma ya magneti. Kwenye PX za miaka ya mwanzo ya 1980 mpira wa nyaya hizo huwa mkavu, ukiukunja unapukutika mkononi, na shaba inagusana na chuma. Zile zenye platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyokata na kuunga umeme wa plagi, zina sababu moja zaidi: chumvi ya bahari inaotesha ukungu kwenye ncha za platini kama chombo kimekaa muda bila ya kutumiwa.

Weka spana chini hapa, yaani acha, kazi ni ya fundi: ikiwa kiki inakurudisha mguu kwa nguvu, au mashine inapiga risasi tu bila ya kuwaka, huenda kile kichuma kidogo kinachoishika magneti kwenye krenki kimekatika na wakati wa moto umehama. Magneti inatolewa kwa pula yake maalumu. Fundi anayeipiga kwa nyundo anapinda krenki, na hapo ndipo gharama zinapoanza kupanda.

Inawaka vizuri, inazima ikishapata moto

Mtu anatoka mjini kwenda Nungwi, anafika Mahonda, inazima. Anakaa chini ya mwembe, inapoa, inawaka kwa kiki moja, anakwenda kidogo, inazima tena.

Fungua kifuniko cha tenki mara tu inapozima. Ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo, na mashine ikawaka papo hapo, kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimeziba. Kizibue kwa sindano. Haigharimu kitu, na ndiyo maana huwa wa mwisho kukumbukwa.

Kisha plagi, ukiifungua ingali moto. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye unyevu ni oili nyingi au petroli nyingi. Nyeupe inayong'aa ni onyo: mashine inaungua kwa kukosa mafuta, na usiendelee na safari mpaka ujue hewa inaingilia wapi.

Ikiwa kifuniko na plagi havina kosa, na kila mara inazima kwa moto na kuwaka kwa baridi, shuku umeme. Kwenye zile zenye platini kinachochoka ni kondensa, kile kikopo kidogo kinachohifadhi umeme kando ya platini. Kwenye zile za elektroniki ni koili ndogo ya pikapu iliyo nyuma ya magneti, na sidiai, kile kiboksi kinachotoka waya wa plagi. Azima sidiai inayojulikana nzima uijaribu kabla ya kununua. Na usipige kiki waya wa plagi ukiwa unaning'inia bila ya plagi iliyogusa chuma: umeme wake ni mkali kwa mkono, na sidiai nayo huungua kwa namna hiyo hiyo.

Silensa inapanda yenyewe

Hii ndiyo dalili inayosomwa vibaya kuliko zote. Unaachia aksileta, mashine inabaki juu, inashuka polepole kama haitaki, au inapanda yenyewe umesimama kwenye taa za barabarani. Watu wengi huishusha kwa skrubu ya silensa. Inashuka, ndiyo, lakini ugonjwa uko pale pale ndani, na ugonjwa huu ndio unaoua pistoni.

Kwanza ondoa sababu nyepesi. Waya wa aksileta ukiwa umekaza au una kutu, kabureta haifungi. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia mashine ikiunguruma: ikipanda kwa kugeuza usukani tu, ni waya.

Waya ukiwa mzima, vuta choki, ile ya kuongezea petroli wakati wa kuwasha kwa baridi, kidogo mashine ikiwa na moto. Mashine nzima italemewa na kutaka kuzima. Ikitulia na kuunguruma vizuri zaidi kuliko kabla, ilikuwa na njaa ya mafuta, maana yake kuna hewa inayoingia pasipo na haki. Kipimo hiki ningependa kila mwenye vespa akijue, kwa sababu kinafanyika barabarani bila ya spana hata moja.

Hewa inaingilia wapi? Mara nyingi ni chini ya kabureta. Inashikwa na nati mbili tu, na anayezikaza kwa nguvu zote huikunja kabureta yenyewe, uso wake wa chini ukaacha kukaa sawa. Ifungue, iweke juu ya kioo cha dirisha, uone kama inachezacheza. Gasketi mpya na mkono mwepesi vinatosha ikiwa haijapinda sana.

Inafuata sili ya nyuma ya magneti. Tazama ganda la mashine kuzunguka magneti: likiwa jeusi, limelowa oili iliyoshika vumbi, sili hiyo imekufa. Kwenye PX inabadilishwa bila ya kupasua mashine, ila magneti na sahani ya koili lazima vitoke. Kabla ya kuitoa sahani, ipige alama pamoja na ganda ili irudi pale pale, vinginevyo wakati wa moto utahama.

Chini ya silinda na kwenye kichwa huwa nadra zaidi. Weusi wa mafuta kwenye kiungo ndio unaosema.

Weka spana chini hapa: ikitokea mashine imepaa na haizimi hata kwa swichi, usisimame kuishangaa. Vuta choki yote. Ikikataa, tia gia ya nne, kamata breki zote mbili, achia klachi mpaka izime. Baada ya hapo usiiwashe tena. Ipandishwe kwenye gari hadi kwa fundi.

Moshi mzito

Moshi kidogo wa asubuhi ni maumbile ya mashine ya kuchanganya oili. Swali ni kama unaendelea baada ya kupata moto.

Sababu ya kwanza ni mkono unaotia oili. Ukimuuliza mzee, "Ami, oili unatia kiasi gani?" atakujibu, "Nakisia kwa jicho, mwanangu." PX inataka asilimia 2: mililita 20 kwa kila lita ya petroli. Tenki la lita 8 likijaa ni mililita 160. Tumia chupa ya dawa ya mtoto iliyo na vipimo. Inayozidi inafuka na kuziba ekzosi kwa masizi. Inayopungua inaua pistoni, na kati ya makosa mawili haya la pili ni baya zaidi. Kuna PX zenye tenki dogo la oili peke yake na kikioo cha duara chini ya siti. Hizo hazichanganyiwi kwenye petroli, lakini kikioo kikionekana kitupu usiendeshe.

Ikiwa kipimo ni sahihi na moshi ni mweupe mzito, wenye harufu ya oili iliyoungua badala ya harufu ya petroli, njoo kwenye sili ya upande wa gurudumu. Fungua nati ya chini ya giaboksi, mwaga oili kwenye chombo safi. Inapaswa kuwa mililita 250, oili ya namba 30. Ikitoka kidogo, mashine imekuwa ikiinywa. Chukua tone, lisugue baina ya vidole viwili, linuse: likiwa jepesi kama maji na lina harufu ya petroli, mchanganyiko nao unapita kwenda kwenye gia. Vyote viwili ni jina moja, sili imekwisha.

Weka spana chini hapa. Sili hii iko ndani. Kuibadilisha ni kuitoa mashine na kulipasua ganda. Asiyewahi kupasua mashine ya vespa asijifunzie kwenye yako. Na ikishapasuliwa, badilisha beringi zote za krenki na sili zote mbili kwa pamoja, hata kama moja inaonekana nzima, kwani kazi ni ile ile.

Inapoteza nguvu, inapata joto, inakamata

Pemba ndiyo inayoitambua vespa. Kupanda vilima kutoka Mkoani kwenda Chake Chake mkiwa wawili, na gunia la karafuu mbele miguuni, ni mtihani kwa silinda inayopozwa kwa feni peke yake.

Feni imechongwa kwenye magneti, na mfuniko wa bati juu ya silinda ndio unaoielekeza hewa. Kuna wanaoutoa mfuniko huo wakidhani mashine itapata upepo. Hapo wameinyima upepo wote. Urudishe leo. Safisha pia mapezi ya silinda: vumbi la udongo mwekundu likichanganyika na oili linaganda katikati yake.

Nguvu ikipungua polepole kwa miezi, bila ya joto la ajabu, tazama ekzosi. Masizi yakiijaza, mashine inagoma kufika mwendo wake na sauti inakuwa nzito.

Pistoni inapotaka kukamata, huwa inaaga: sauti inabadilika, nguvu inatoka ghafla, chombo kinajivuta nyuma. Vidole viwe juu ya klachi kila unapopanda kilima. Ukihisi hivyo, kamata klachi mara moja na uteleze mpaka pembeni. Iache ipoe kabisa. Kiki ikishuka laini, unaweza kuondoka taratibu, lakini sababu lazima itafutwe siku ile ile: hewa ya ziada, oili pungufu, au mfuniko. Kiki ikikwaruza au isiposhuka, iishie hapo. Silinda inataka kupimwa na fundi mwenye vyombo.

Klachi na gia

Vespa iliyokaa muda mrefu, klachi yake hugandana: unaikamata, unatia gia, inaruka mbele. Tia gia ya pili ikiwa imezimwa, kamata klachi, isukume mbele na nyuma mpaka iachie. Ikiendelea, punguza ulegevu wa waya. Kwenye mkono ubaki kama milimita 2 za kucheza. Ukiondoa zote, klachi itateleza, yaani mashine inapanda na mwendo haupandi. Kuteleza huko huletwa pia na oili za kisasa za gari zilizotiwa vilainishi. Rudi kwenye namba 30 ya kawaida.

Kuruka gia, na karibu kila mara ni ya pili, kunaanza na nyaya mbili za gia zilizolegea. Zikaze chini ya mashine kwa uwiano, moja na mwenzake, mpaka alama ya usukani ilingane na gia yenyewe. Zikiwa sawa na bado inaruka, msalaba unaoteleza ndani ya giaboksi umekula ncha zake. Huo nao unataka ganda lipasuliwe, kwa hivyo kama sili ya ndani ilikuwa inakaribia kwisha, zifanywe pamoja.

Mashine inaunguruma, gurudumu haliendi, au linacheza

Kagua klachi kwanza. Ikiwa nzima, toa kifuniko cha katikati ya gurudumu la nyuma, mtu atie gia na kuachia klachi taratibu, chombo kikiwa kwenye stendi. Shafti ikizunguka na gurudumu limesimama, meno ya habu (kitovu cha gurudumu) yamesagika. Chanzo huwa ni nati ya katikati iliyolegea muda mrefu bila ya kuangaliwa. Dalili yake ya awali ni mlio wa "tak" kila unapoondoka na kila unapofunga breki. Usiendeshe hata mtaa mmoja, kwani gurudumu linaweza kutoka.

Ukilitoa gurudumu kwa pancha, kuwa makini na jambo moja linalojeruhi watu. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati zake, na hizo ni tofauti na nati zinazolishika gurudumu kwenye habu. Toa upepo wote kwanza. Anayezilegeza nati za rimu tairi likiwa na upepo, vipande vinaruka na kumpiga usoni. Ukishaziba, jaza paundi 18 mbele, 26 nyuma ukiwa peke yako, na 36 nyuma ukibeba mtu.

Habu ikiwa nzima, safisha meno yake na ya shafti, rudisha, kaza nati ya katikati kwa spana ya kipimo baina ya Nm 90 na 110, kisha upitishe pini mpya. Ile ya zamani iliyokwisha kunyooshwa ina ufa usiouona, itupwe.